TUHESABU NA SAA ZETU



Katika gazeti letu tunasoma mara nyingi habari za mpira, za kwaya, na mashairi ya wale wa mwaka wa sita. Ni vizuri, tuendelee vile. Lakini leo ninaomba nafasi juu ya jambo lingine, ambalo wengi wetu tunalifanya nyumbani na hakuna mwenye kuliandika: kazi ya mikono ya kuuza. Kuko kati yetu wenye kukaanga mandazi asubuhi mbele ya kuja masomoni. Kuko wenye kuuza makaa, kuko wenye kusuka nywele. Mimi ninashona mifuko ya triko, na ninaiuza kutoka nyumbani kwetu hapa Butembo.

Nitasema wazo langu tangu mwanzo, ili mtu asichoke kulitafuta. Sisi wenye kushona nyumbani tunajiibia wenyewe. Tunahesabu bei ya kikwembe, tunahesabu bei ya uzi, lakini saa zetu hatuzihesabu hata kidogo. Na wale wenye kutununulia wanatuzoeza vile, tena wakati mwingine wanatumia jina la Mungu. Mimi ninasema: tuache hiyo desturi.

MFUKO WA TRIKO NI KITU GANI

Mwenye kutoka mbali anashangaa kwa nini hapa kwetu watu wanafuma triko. Anasema, Ikweta si inapita karibu yenu? Ndiyo, inapita karibu, lakini mji wetu uko juu ya milima, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi baridi inauma. Mtoto mchanga bila kofia na triko atakohoa. Njo maana wamama wetu wanafuma kila pahali: sokoni wakingoja wanunuzi, kwenye hospitali wakingoja zamu, na jioni karibu na makaa.

Sasa waangalie wanabeba kazi yao ndani ya nini. Wanabeba ndani ya sashe. Sindano inatoboa sashe mara ya kwanza, inatoboa mara ya pili, na siku ya tatu kibonge cha uzi kinaanguka chini na kuviringika ndani ya matope. Uzi mweupe wa mtoto unakuwa kama kamba ya mbuzi. Tena kwa sheria ile sashe haikupasa kuwa sokoni. Amri ya Serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kuzitengeneza, kuziingiza, kuziuza na kuzitumia ndani ya inchi yetu. Kila mtu anajua kama tungali tunaziona.

Mfuko wa triko unamaliza hayo matatizo. Ni mfuko wa kikwembe, wenye kitambaa cha pili ndani, wenye kufungwa juu na kamba ya kuvuta. Ndani kuko mfuko mdogo wa kuweka makasi na metre. Mama anaweka kibonge chini, anaacha uzi utoke juu kidogo kidogo, na anafuma hata akiwa kwenye benchi. Kibonge hakitoki, mtoto hakivuti, vumbi haliingii. Wengine waliniomba niweke fermeture mahali pa kamba. Nilijaribu mara moja, nikaona meno yake yanakamata uzi wa triko na kuukata. Kamba ni nzuri kupita.

NAMNA NINAVYOIKATA

Ninaandika hii kwa wale wanaopenda kujaribu, sababu elimu ya kuficha haijengi mtu.

Yadi moja ya kikwembe ni karibu sentimetre 91 kwa urefu. Upana wa kikwembe ninachonunua ni karibu sentimetre 115. Mimi ninakata vipande vya sentimetre 33 kwa 44. Kwa upana vinaingia vitatu, kwa urefu vinaingia viwili. Ni vipande 6, na kila mfuko unaomba viwili. Basi yadi moja inatoa mifuko 3, na kikwembe kizima cha yadi 6 kinatoa mifuko 18. Upande mmoja kunabaki utepe wa sentimetre 16. Ule usiutupe. Ukate mara nne, kila utepe sentimetre 4, uukunje na kuushona, ndiyo kamba zako.

Mfuko ukiisha kushonwa unabaki karibu sentimetre 30 kwa 37. Kwa nini urefu ule? Kwa sababu sindano nyingi za dukani zina sentimetre 35. Mfuko wangu wa kwanza kabisa ulikuwa na sentimetre 25 tu, sababu nilitaka kuokoa kikwembe. Mama aliyeununua alirudi kesho yake akanionyesha sindano zake zimetoka nje kama pembe za ng'ombe. Nilimrudishia makuta yake. Tangu siku ile, mbele ya kukata ninaomba kwanza kuona sindano za mtu. Kuko wamama wanaotumia miti ya chuma ya gurudumu la kinga waliyonoa wenyewe, na zile ni fupi. Kuko wengine wenye sindano ndefu kupita. Fundi anayekata bila kuuliza anashonea kichwa chake, hashonei mnunuzi.

LIKIZO YA NOELI ILE

Sasa nitasema lililonipata. Ninasema juu yangu mwenyewe, simsengenyi mtu.

Mnajua kama masomo ya msingi katika shule za Serikali yalitangazwa kuwa ya bure tangu mwaka wa masomo 2019-2020. Lakini sisi wa sekondari wazazi wetu wanalipa. Kwetu tuko watoto sita. Nilimwambia mama: minervali yangu ya trimestri ya pili usiihangaikie, nitaishona. Mama ana mashini ya kukanyaga, aliyoinunua mbele ya mimi kuzaliwa. Akanikopesha makuta ya kuanza.

Nilinunua kikwembe cha yadi 6 kwa franka 36,000. Kitambaa cha ndani kilikula 18,000. Uzi, sindano za mashini, mafuta ya mashini, na moto wa kukwenda sokoni na kurudi, vyote pamoja 9,000. Jumla 63,000. Hizi ni bei za kwetu siku zile, kwenu zinaweza kuwa zingine, lakini namna ya kuhesabu ni moja.

Nilishona mifuko 18. Nilishona mchana, nilishona usiku na taa ya mkono. Niliiuza franka 4,000 kila mmoja, na yote ilitoka mbele ya mwaka mupya. Wamama walinisifu: "Huyu mutoto ana mikono!" Nilijiona tajiri. Ndani ya kichwa changu nilikuwa na franka 72,000.

Masomo yakafunguliwa. Siku walipokuja kusoma majina ya wenye deni, jina langu lilikuwa la pili. Nikarudi nyumbani, nikachukua kaye na biki, nikaandika yote. Mauzo 72,000, toa matumizi 63,000, inabaki 9,000. Lakini mifuko 3 nilikuwa nimeitoa kwa deni, na wale watu hawakulipa, wala hawajalipa hata leo. Ile ni 12,000. Basi sikubaki hata na zile 9,000. Nilikuwa nimepoteza franka 3,000.

Kisha nikahesabu na saa. Kila mfuko ulikuwa umeniomba karibu saa mbili na nusu, kukata, kushona, kugeuza, kupiga pasi, kutia kamba. Mifuko 18 ni saa 45. Wandugu, nilifanya kazi saa 45 katika likizo yangu ili nipoteze franka 3,000. Wale 18 wote walikuwa na mfuko muzuri, na mimi nilikuwa nje ya darasa. Mama akauza kuku wawili ili nirudi masomoni. Hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "Wakati ulipoweka bei, wewe mwenyewe ulijiweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Sikujiweka pahali popote.

KWA NINI HATUHESABU

Nimefikiri sana juu ya lile ulizo. Ninaona sababu tatu.

Ya kwanza: kazi ya nyumbani haiitwi kazi. Mtu anasema, "Si uko tu nyumbani? Unashona wakati unapumzika." Fundi aliye na kibanda sokoni akiomba bei, watu wanajua analipa kibanda, anamlipa msaidizi, anakula. Lakini msichana aliye nyuma ya nyumba ya baba yake, wanafikiri saa zake zinaanguka kutoka mbinguni kama mvua. Hata sisi wenyewe tunafikiri vile. Nilimwuliza fundi mmoja wa soko anamlipa msaidizi wake ngapi. Akasema franka 8,000 kwa siku ya saa 8. Ni franka 1,000 kwa saa moja. Yule msaidizi anajua saa yake ni ngapi. Miye, mwenye kushona mfuko muzima peke yangu, sikujua.

Ya pili: Dorkasi. Hapa wengine watakasirika, lakini acheni niseme. Katika Matendo ya Mitume sura ya 9 tunasoma habari ya Tabitha, ambaye jina lake lingine ni Dorkasi, kule Yafa. Alipokufa wajane walilia na kuonyesha nguo alizowashonea. Ni habari nzuri sana, na vikundi vingi vya wamama katika kanisa vimechukua jina lake. Lakini nimeona mtu mwenye duka, mwenye nyumba ya manjanja, anashika mfuko wangu na kusema: "Mutoto wa kanisa, unatuuzia sisi kwa hii bei? Fanya kama Dorkasi." Ninauliza: yeye ni mjane wa Yafa? Dorkasi aliwapa wajane. Hakuna andiko linalosema alipunguzia wenye duka. Tena Biblia ile ile ina Mithali sura ya 31, na pale yule mke mwema anatengeneza nguo na mishipi na kuwapa wachuuzi kwa biashara. Anauza, na anasifiwa. Na mtume Paulo kule Korinto alishona hema pamoja na Akila na Prisila, akala kwa mikono yake. Kutoa ni kuzuri. Kuuza kwa haki ni kuzuri vilevile. Kitu kibaya ni kuchanganya hayo mawili, kiasi kwamba yule mwenye kutoa hajui kama ametoa. Mimi siku hizi nikitaka kumpa mjane mfuko, ninampa bure kabisa na roho safi. Nikiuza, ninauza.

Ya tatu: haya. Mnunuzi ni shangazi, ni mke wa mwalimu, ni yaya wa rafiki. Anasema, "Nitakulipa mwisho wa mwezi," na mdomo wako unakuwa mzito. Unaogopa kuitwa mwenye tamaa. Basi unampa. Mwisho wa mwezi unamwona njiani, na ni wewe unayejificha, si yeye! Hilo ni jambo la ajabu: mwenye kudai anaona haya kupita mwenye kudaiwa.

Juu ya deni nilisoma habari moja ambayo ilinifundisha. Ile mashini ya kushona tunayoijua ilianza kule Marekani. Elias Howe alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1846, na Isaac Singer akapata yake mwaka 1851. Mashini zilikuwa na bei kali, jamaa nyingi hazikuweza. Mwaka 1856 kampuni ya Singer ikaanza kuwauzia watu kwa kulipa kidogo kidogo. Lakini angalieni: mnunuzi alitoa sehemu kwanza, na kulikuwa mapatano ya kuandikwa. Kwa hiyo kukopesha si ubaya, wala si ujinga. Ujinga ni kukopesha kwa mdomo, bila tarehe, bila kitu cha kuanza. Mimi sasa ninaomba nusu mbele ya kukata. Mwenye kutoa nusu anarudi kuchukua mfuko wake.

MAZUNGUMZO NA MAMA MOJA

Mbele ya likizo ya Pasaka nilifanya hesabu mupya. Vitu vya mfuko mmoja ni 3,500. Mkono wangu umezoea, sasa ninatumia saa mbili. Saa mbili kwa 1,000 ni 2,000. Ya kuweka kando, ili siku moja tutengeneze ile mashini ya mama, 500. Jumla 6,000. Niliandika 6,000 kwenye karatasi ndogo nikaifunga kwa kamba ya kila mfuko, ili nisiitamke kwa mdomo na kutetemeka.

Mama moja jirani yetu, mwenye kufuma komple za watoto wachanga, alikuja. Ninaandika maneno yetu kama yalivyokuwa.

"Ee mutoto wangu, hii ni bei gani? Noeli ilikuwa 4,000."

"Ndiyo mama. Noeli nilikosea."

"Ulikosea namna gani, na tuliinunua yote?"

"Njo pale nilikosea, mama."

Akacheka. Akashika mfuko, akaugeuza ndani na nje, akavuta kamba. "Lakini 6,000 ni mingi. Punguza kidogo. Weye si unakaa tu hapa nyumbani?"

Nikamwuliza kwa heshima: "Mama, ile komple ya triko, kofia na soksi, unauza ngapi?"

"15,000. Na bado bananiomba nishushe."

"Uzi unakula ngapi?"

"Vibonge vine. Kila kimoja 3,000."

"Na unafuma siku ngapi?"

"Jioni sita, kama macho haiumi."

Nikachukua kaye nikaandika mbele yake: 15,000 toa 12,000, inabaki 3,000. Gawanya kwa jioni 6. Nikamwonyesha: franka 500 kwa jioni moja.

Mama akanyamaza. Aliangalia ile karatasi kwa muda. Kisha akasema polepole: "Kumbe miaka yote hii niliuza uzi tu. Mikono yangu nilitoa bure."

Siku ile hakununua. Alikwenda. Nilifikiri nimemwudhi, na usiku sikulala vizuri, sababu ni mama wa kuheshimu, naye alinibeba nikiwa mtoto. Lakini kisha wiki mbili alirudi. Alikuwa amepandisha komple yake mpaka 20,000. Akasema wanunuzi wawili wamekimbia, mmoja amekubali. Akanipa 6,000, zote mkononi, na akachagua mfuko wa rangi ya majani.

Tangu pale ninaona jambo hili kwa namna nyingine. Yule anayenipunguzia bei si adui yangu. Mara nyingi naye ni mutu wa mikono kama miye, na naye hakuna aliyemhesabia. Mimi ninamshushia mama wa triko, mama wa triko ananishushia mimi, na wote wawili tunarudi nyumbani maskini tukisema tumesaidiana. Huo si msaada. Ni kuibiana kwa upole.

WENYE KUPINGA

Ninajua mtasema: "Ukipandisha bei, hakuna mwenye kununua." Ni ulizo la haki, na sitaki kuwadanganya. Ni kweli, niliuza kidogo kuliko Noeli. Likizo ya Pasaka nilishona mifuko 9 tu, na siku masomo yanafunguliwa nilikuwa nimeuza 8. Wengine walishika, wakaona karatasi, wakarudisha. Mmoja alisema maneno mabaya.

Lakini tuhesabu. Mifuko 8 kwa 6,000 ni 48,000. Vitu vya mifuko 9 vilikula 31,500. Ilibaki 16,500 mkononi, bila deni hata moja, na mfuko mmoja juu ya meza. Nilitumia saa 18, si 45. Saa zingine nilisoma jeografia na nikalala kama mutu. Minervali haikutoshea yote, lakini sehemu kubwa ilikuwa yangu, na kuku wa mama walibaki kwao.

Wengine watasema: "Basi shona haraka, uza rahisi, uza mingi." Yule anayeweza, afanye. Lakini mashini kubwa za viwanda vya mbali zinashona haraka kupita mguu wa msichana yeyote wa Butembo. Kwa urahisi hatutazishinda. Kitu tunachoweza kushinda ni kimoja: tunapima sindano za mama yule, tunajua jina la mtoto anayemfumia, na mshono ukifunguka anajua nyumba yetu. Hiyo ina bei yake, na ni haki kuiomba.

Na kuko wanaosema kama kushona ni kazi ya wale walioshindwa masomo. Hasa ninyi wavulana wa sayansi, mnapopita mbele ya darasa la kukata na kushona mnatucheka. Ninawauliza: uniforme mliyovaa, nani aliishona? Nendeni sokoni mkaangalie, mafundi wengi wa pale ni wanaume, na wanalisha jamaa zao. Akishona mwanaume kibandani mnamwita fundi. Akishona dada yenu nyumbani mnasema anapoteza wakati. Tena hii hesabu yote niliyoandika hapa, mnaona haina hesabu ndani? Mwenye kukata vipande 33 kwa 44 bila kupoteza kikwembe anafanya jeometri, ila yake ikikosewa inalipwa na makuta.

SHAURI LANGU

Kwa wenzangu wenye kushona, kufuma, kukaanga au kusuka, ninatoa shauri hili fupi.

1. Mnunue kaye ndogo. Muandike kila kitu kilichoingia, hata moto wa njia, na saa mliyoanza na mliyomaliza.

2. Mbele ya kuweka bei, mujiulize lile ulizo la mama: mimi mwenyewe niko wapi ndani ya hii bei?

3. Musikate bila nusu ya malipo. Musikopeshe kwa mdomo.

4. Mukitaka kutoa, mutoe bure na furaha. Musichanganye kutoa na kuuza.

5. Mutengeneze vizuri. Mwenye kuomba bei ya haki na mshono wake unafunguka baada ya wiki moja, yeye naye ni mwizi.

6. Wakati wa mitihani, mashini ifunikwe. Mfuko utangoja, egzamen haingoji.

Na kwa wazazi, walimu na wanunuzi wote ninaomba neno moja. Mkishika kitu cha mikono, msiulize tu kikwembe kimenunuliwa ngapi. Mshonaji naye amekaa saa mbili, mgongo umeinama, macho yako kwenye sindano. Mkiona bei ni kubwa, mseme "siwezi leo", na hakuna ubaya. Lakini msiseme "si uko tu nyumbani?" Hilo neno linarudisha mtoto nyuma.

Mfuko mmoja uliobaki Pasaka uliuzwa wiki iliyopita. Alinunua mwalimu wetu mmoja kwa ajili ya mke wake. Alisoma ile karatasi ya bei, akatoa 6,000, hakuuliza neno. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama pale na makuta mkononi, nikingoja aniombe nipunguze.

Kama kuko mwenye wazo lingine, aandike katika namba inayokuja. Nitasoma bila kukasirika.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Kukata na Kushona